Mwongozo kamili: kumtafutia mgonjwa wa lukemia mchangiaji wa uloto anayelandana naye

Daktari alikuwa Chennai, India, sisi tulikuwa Tanga, tumebanana mbele ya simu moja iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari. Akamuuliza mdogo wangu, mgonjwa wa lukemia, yaani saratani ya damu, "Una ndugu wangapi?" Mdogo wangu akajibu bila kusita: kumi na mmoja.

Hakusema uongo. Kwa mama yetu tulizaliwa watano, kwa bi mdogo wanne, na watoto watatu wa marehemu ba'mdogo walilelewa nyumbani kwetu tangu hawajaota meno. Ukimwambia yeyote kati yao kwamba si ndugu, mtagombana. Basi sampuli kumi na moja zikachukuliwa, zikalipiwa, zikapandishwa ndege. Majibu yaliporudi ndipo tukaelewa kwamba saba kati ya hizo hazikuwa na njia ya kulandana naye kikamilifu, hata zingepimwa mara mia. Hela ile ingekata tiketi ya mchangiaji.

Nimeandika mwongozo huu kwa yule ambaye kila familia humtwika kazi hii: anayeshika faili, anayepiga simu, anayejua nani ana pasipoti na nani anaidai tu. Neno nitakalotumia ni uloto, kama wasemavyo hospitalini Tanzania. Kenya wengi husema uboho. Ni kitu kimoja, ule ute laini ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa. Seli shina ndizo mbegu zilizomo humo.

Ulizeni kwanza kama uloto unahitajika

Si kila lukemia inatibiwa kwa kupandikizwa. Kama kwenye faili imeandikwa CML, aina ya lukemia inayokwenda polepole, wagonjwa wengi huishi miaka na miaka kwa vidonge vya imatinib au ndugu zake, na dawa hizo zimekuwa zikipatikana hapa kwetu, Dar es Salaam na Nairobi, kupitia mipango ya msaada. Kama ni APL, aina ya lukemia kali ambayo wengine huiandika M3, tiba yake ni dawa ya jamii ya vitamini A iitwayo ATRA pamoja na aseniki, na wengi hupona bila uloto wa mtu. CLL ya wazee, nayo ya polepole, mara nyingi huachwa iangaliwe tu. Mtoto mwenye ALL ya kawaida, lukemia kali inayowapata zaidi watoto, huanza na kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, na kwa wengi hiyo inatosha.

Uloto wa mtu mwingine huzungumzwa pale AML, lukemia kali inayowapata zaidi watu wazima, ina vinasaba vibaya, pale ALL imerudi baada ya kutibiwa, au pale kemo imeshindwa kuisafisha vizuri. Sababu ni kwamba seli za mchangiaji hujenga kinga mpya ya mwili, na kinga hiyo huziona seli za saratani zilizojificha na kuzishambulia. Ndiyo maana pacha wa kufanana kabisa, ambaye watu hudhani ndiye zawadi kutoka mbinguni, si lazima awe chaguo bora: kinga yake haioni cha kushambulia, na ugonjwa hurudi zaidi.

Muulizeni daktari mambo matatu, na majibu yaandikwe. Ni aina gani hasa, na vipimo vya vinasaba vya ugonjwa vimesema nini? Je, ugonjwa umelala, yaani seli changa za saratani kwenye uloto ziko chini ya asilimia 5? Na je, tuanze kupima HLA, zile alama za ulandano, sasa hivi? Jibu la swali la tatu likiwa "huenda baadaye", anzeni sasa. Kulala kwa ugonjwa hakumsubiri mtu atafute hati ya kusafiria.

Doti ya khanga

HLA ni alama zilizo juu ya seli zetu ambazo kinga ya mwili huzitumia kumjua mwenyeji na mgeni. Vinasaba vyake viko kwenye kromosomu ya 6, vimekaa jirani, na kwa kawaida hurithiwa kwa mkupuo.

Chukulia baba ana doti moja ya khanga, mama ana doti yake. Kila doti ni vipande viwili. Kila mtoto akizaliwa, baba humpa kipande kimoja na mama humpa kipande kimoja. Pindo, mji na jina vya kipande havitenganishwi, vyote huenda pamoja. Kwa hiyo mtoto ana doti mpya, nusu ya baba, nusu ya mama.

Ukilielewa hilo, mengine yanajileta yenyewe. Mzazi na mtoto wake daima hushiriki kipande kimoja, basi mzazi ni mchangiaji wa nusu, karibu kamwe si kamili. Watoto wa baba mmoja mama mmoja wana michanganyiko minne inayowezekana: uwezekano wa kupata vipande vyote viwili sawa ni asilimia 25, kipande kimoja ni asilimia 50, na kutopata hata kimoja ni asilimia 25. Mtoto wa bi mdogo anaweza kushiriki kipande cha baba tu, kwa asilimia 50. Ndugu wa kunyonya ziwa moja ni ndugu kweli kwa sheria ya dini, hamuoani, lakini kromosomu hazijui habari hizo.

Mara chache kipande hukatika na kushonwa upya wakati wa kurithiwa, ndiyo maana utamkuta ndugu aliyetarajiwa kuwa kamili akapungua alama moja. Haina maana maabara imekosea.

Chora ukoo kwenye karatasi

Kazi hii ndiyo inayookoa hela na muda kuliko zote, na haihitaji daktari. Tafuteni karatasi kubwa na mtu mzima anayejua ukoo, mara nyingi shangazi. Usimuulize "ndugu zake ni nani?" Muulize "mama yake nani, baba yake nani?" kwa kila jina.

Kundi la kwanza ni watoto wa baba mmoja mama mmoja, ndugu wa toka nitoke. Hawa wapimwe wote kabla ya mtu mwingine. Akiwa mmoja, nafasi ya kumpata aliye kamili ni asilimia 25. Wakiwa wawili ni 44, watatu ni 58, wanne ni 68, watano ni 76. Sisi tulikuwa na wanne, yaani nafasi nzuri kuliko shilingi kurushwa juu, na bado hatukupata. Hesabu hizi hazimdai mtu deni.

Kundi la pili ni wazazi walio hai na watoto wa mgonjwa waliokwisha kukua. Hawa ni nusu kwa hakika, na siku hizi nusu si kitu cha kutupwa, nitaeleza.

Kundi la tatu ni wa baba mmoja au mama mmoja tu. Wapimwe kama kundi la kwanza na la pili halijatoa mtu anayefaa. La nne ni binamu, wajomba, mashangazi na wapwa. Kwa familia nyingi za bara, kuwapima hawa mkitafuta aliye kamili ni kumwaga maji mchangani. Lakini kama ninyi ni watu wa Pemba, Lamu, Ngazija au mna jamaa Oman, na ndoa za binamu zimerudiarudia ukooni, mambo hubadilika. Vipande vilevile huwa vimezunguka ndani ya nyumba chache, na aliye kamili anaweza kuwa mtoto wa ammi. Wapeni madaktari mchoro unaoonyesha nani alimuoa nani. Wa Muscat wanaulizia hilo bila kuambiwa, kwani hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos inapandikiza uloto tangu 1994 katika nchi ambayo ndoa za jamaa ni za kawaida. Wa kwingine huenda wasiulize.

Mbele ya kila jina andikeni umri, jinsia, uzito, kundi la damu, maradhi ya kudumu, kwa wanawake wamebeba mimba mara ngapi, mahali anapoishi, na kama ana pasipoti iliyo hai. Mtakuja kuona kila safu ina kazi yake.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna anayependa kulisema kwenye kikao. Kipimo cha HLA kinaweza kufichua kwamba mtoto si wa baba anayemwita baba. Kabla sampuli hazijatoka, mtu mmoja mwenye busara azungumze na mama faraghani, na mkubaliane na hospitali kwamba majibu yatatolewa kwa namna ya "anafaa" au "hafai" tu, si karatasi nzima kurushwa kwenye grupu la WhatsApp la familia. Nimeona karatasi kama hiyo ikisomwa kwa sauti. Mgonjwa alikuwepo.

Damu ya ndugu isiingie kwa mgonjwa

Hili hatukuambiwa, na limenikaa rohoni. Hospitali tuliyoanzia, kama nyingi za kwetu, ilitutaka tulete watu wa kuchangia damu. Kaka yetu mkubwa akatoa chupa, na kwa kuwa makundi yalilandana, chupa ileile ikatundikwa kwa mdogo wangu siku hiyohiyo. Tulishangilia. Miezi minne baadaye kipimo kilionyesha mdogo wangu ana kingamwili dhidi ya alama za HLA za kaka. Sijui kama chupa ile ndiyo sababu, maana alishawekewa damu nyingi. Ila kaka akaondolewa orodhani.

Mwili ukionja seli za mtu unaweza kuzikariri na kuzikataa zikirudi. Kwa hiyo ndugu wachangie benki ya damu kwa moyo mmoja, lakini mwambieni daktari na mtu wa maabara waziwazi: damu ya wazazi, watoto na ndugu asiwekewe mgonjwa huyu, mpeni ya watu baki. Ombeni pia damu iliyochujwa seli nyeupe, na iliyopigwa mionzi pale inapopatikana. Na kila chupa aliyowekewa andikeni tarehe.

Kosa la pili ni kuchelewa kuchukua sampuli ya mgonjwa mwenyewe. Kemo ikishapiga, seli nyeupe zinaisha na damu inakuwa haina cha kupima. Kwa upande mwingine, damu iliyojaa seli za saratani inaweza kutoa jibu la HLA lenye kasoro. Kwa hiyo wengi hupima kwa kijiti cha pamba mdomoni, au huthibitisha kwacho. Fanyeni kabla vidonda vya mdomo vya kemo havijaanza.

Kipimo chenyewe

Kijiti cha pamba ni rahisi, na ndiyo sababu watu hukiharibu. Nusu saa kabla, anayepimwa asile, asinywe chai, asivute sigara, asitafune miraa wala tambuu. Kijiti kisuguliwe ndani ya shavu huku kikizungushwa kwa muda ulioandikwa kwenye maelekezo, kila shavu na kijiti chake. Kiachwe kikauke hewani, kiingie kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa nailoni hutunza unyevu na kuotesha ukungu.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Kwetu Mohamed mmoja ana vyeti vitatu vyenye tahajia tatu. Sampuli yetu moja ilikaa wiki mbili maabara ikisubiri tueleze kama Hamisi na Khamis ni mtu mmoja.

Ombeni kipimo cha kina, si kile cha juujuu. Cha kina hutoa jibu lenye nyota na jozi mbili za tarakimu, mathalani A\*30:01. Kipimwe sehemu tano za HLA: A, B, C, DRB1 na DQB1, na DPB1 kama inawezekana. Kipande kimoja kinachoonekana sana kwa watu wenye asili ya Afrika huandikwa A\*30:01, C\*17:01, B\*42:01, DRB1\*03:02, vyote vikisafiri pamoja. Ukikiona kwa mgonjwa na kwa ndugu yake, hapo umeona kipande cha khanga kwa macho.

Kusoma karatasi: kila mahali pana alama mbili, moja ya baba, moja ya mama. Sehemu tano mara mbili ni kumi. Ndugu aliye 10/10 ni kamili. Aliye 5/10 ni nusu. Ukikuta 6 au 7, mara nyingi ni nusu ambaye kipande chake cha pili kimebahatika kufanana hapa na pale. Kisha aliyechaguliwa hupimwa upya kwa sampuli mpya, yeye na mgonjwa. Hospitali isiyorudia kipimo ikimbieni.

Majibu yamerudi

Ndugu kamili mwenye afya akipatikana, utafutaji umeisha. Msiendelee kutafuta "aliye bora zaidi" kwenye intaneti.

Asipopatikana, sasa ndipo nusu anapoingia. Zamani nusu ilikuwa hatari mno: seli za mchangiaji zilimshambulia mgonjwa ngozi, tumbo na ini, au mwili ulizikataa. Madaktari wa Johns Hopkins, Baltimore, wakaboresha njia ya kumpa mgonjwa dawa ya cyclophosphamide siku ya 3 na ya 4 baada ya kupandikizwa. Dawa hiyo huzipunguza zile seli zilizochachamaa na kuziacha nyingine. Ni dawa ya siku nyingi na si ya bei ya kutisha, na imeifungulia dunia isiyo na rejista za wachangiaji mlango mkubwa. Hospitali kadhaa za India zinafanya nusu kila wakati. Binafsi naona kwa familia ya Afrika Mashariki hapa ndipo pa kuweka nguvu: kuchagua vizuri kati ya watu wa nusu mlio nao.

Na kuchagua si kwa ukubwa wa upendo. Jambo la kwanza ni kingamwili: mgonjwa apimwe kama ana kingamwili dhidi ya mchangiaji huyo hasa. Zikiwa kali, tafuteni mwingine au muulize kama zinaweza kushushwa kwanza. La pili ni umri, kijana hupendelewa. Mama wa miaka 60 atalia akiambiwa mjukuu wake wa miaka 20 anafaa kuliko yeye, lakini ndivyo ilivyo. La tatu, kwa mgonjwa wa kiume, mwanamke aliyezaa mara kadhaa huwekwa nyuma kidogo, kwani mimba humfundisha mwili wake kushambulia seli ngeni. Halafu hutazamwa kirusi cha CMV, ambacho wengi hukibeba bila kujua, uzito na kundi la damu. Kundi la damu kutofanana si kizuizi; hushughulikiwa, na baada ya muda mgonjwa hugeuka kuwa wa kundi la mchangiaji.

Mimi nilikuwa nusu. Nina watoto watatu na miaka 41. Kitinda mimba wetu alikuwa nusu pia, ana miaka 23. Nilikuwa nimeshaaga kazini. Akachukuliwa yeye.

Rejista za dunia

Zipo rejista zenye watu zaidi ya milioni 40 waliojiandikisha kuchangia mgonjwa wasiyemjua, na zinaunganishwa na shirika la WMDA lenye makao Leiden, Uholanzi. Familia haiwezi kutafuta humo. Hospitali inayopandikiza ndiyo inayotuma ombi, ikiwa na majibu ya kina ya mgonjwa. Utafutaji wa awali mara nyingi hautozwi. Gharama huanza mnapoomba mtu fulani apimwe tena, na hupanda sana seli zinapokusanywa na kusafirishwa. Muulize kila hatua bei yake kabla.

Niseme ukweli kuhusu nafasi zetu. NMDP, rejista ya Marekani, husema mgonjwa mweupe ana nafasi ya takriban asilimia 79 kumpata anayelandana naye kikamilifu, na mweusi takriban 29. Waafrika tuna aina nyingi za vipande kuliko watu wa bara lolote, na tuliojiandikisha ni wachache. Doti adimu kwenye duka lisilouza khanga.

Si kwamba haiwezekani. Daniel De-Gale, mtoto wa London, alisubiri miaka mingi. Mwaka 1996 wazazi wake walianzisha shirika la ACLT kuwahimiza weusi wa Uingereza wajiandikishe, na 1999 akapata uloto wa mwanamke wa Marekani, mtu mweusi wa kwanza Uingereza kupandikizwa kutoka kwa asiye ndugu. Alifariki 2008. Waliojiandikisha kwa ajili yake wamebaki rejistani kwa ajili ya wengine, na huo ndio utaratibu: mnapofanya kampeni, uwezekano mkubwa ni kwamba mnamtafutia mtoto wa mtu mwingine, na mtu mwingine anamtafutia wenu.

Barani kwetu Afrika Kusini ina rejista ya SABMR iliyoanza 1991, na DKMS, shirika la kimataifa la kuandikisha wachangiaji, nalo liko huko. Jamaa walio ughaibuni ndio wenye mlango wa karibu: NMDP ya Marekani huandikisha wa miaka 18 hadi 40, Kanada 17 hadi 35, na Anthony Nolan ya Uingereza 16 hadi 30. Kijiti hutumwa kwa posta, ni bure. Aliyekubali ajue anaweza kuitwa na mgonjwa yeyote, baada ya miaka, na kujitoa dakika za mwisho ni kumuua mtu.

Damu ya kitovu ni njia nyingine. Ilitumika mara ya kwanza Paris 1988, na haidai ulandano mkali. Kwa mtu mzima mfuko mmoja mara nyingi hautoshi, na bei yake ni ya kukatisha tamaa. Nimeitaja tu ili msishangae ikitajwa.

Mchangiaji naye ni mgonjwa wa mtu

Aliyechaguliwa apate daktari wake mwenyewe, asiye daktari wa mgonjwa, na apewe nafasi ya kuzungumza naye peke yake. Kama hataki, daktari huyo aweze kusema "hafai kiafya" na kikao kiishie hapo. Shinikizo la ukoo nalijua. Ndugu aliyesukumwa huja kukimbia wakati mbaya, na wakati mbaya kuliko wote ni baada ya mgonjwa kuanza kemo ile nzito ya maandalizi, kwa sababu hapo uloto wake umeshafutwa na hakuna kurudi nyuma. Ulizeni kama seli zinaweza kukusanywa na kugandishwa kabla ya kemo hiyo.

Mchangiaji hupimwa VVU, homa ya ini B na C, kaswende, malaria, moyo, figo na ujauzito. Kwa watu wa kwetu sisitizeni kipimo cha selimundu. Mwenye ugonjwa wenyewe hapaswi kuchomwa sindano za kuchochea seli shina, ni hatari kwa maisha yake. Mwenye kinasaba kimoja tu mara nyingi huruhusiwa, lakini madaktari wajue mapema, na wa nchi za mbali huenda hawafikirii.

Uoga mkubwa nyumbani ulikuwa uti wa mgongo. Kila mtu alikuwa na habari ya mtu aliyepooza. Uti wa mgongo hauguswi. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuvuta uloto kwenye mfupa wa nyonga kwa nyuma, mchangiaji akiwa amelazwa usingizi wa dawa, kisha huumwa kiuno siku kadhaa na uloto hujijaza ndani ya wiki chache. Ya pili, inayotumika zaidi, ni sindano za filgrastim, dawa inayosukuma seli shina ziingie kwenye damu, kila siku kwa siku nne au tano, kisha mashine ya kuzichuja. Na hapana, hakuna njia inayopunguza nguvu za kiume. Kitinda mimba aliuliza hilo mara tatu kwa maneno tofauti.

Siku ya tatu ya sindano mifupa yake iliuma kama mwenye homa ya dengue, akapewa parasetamoli. Siku ya mashine alilala hapo kwa muda wa saa tano, damu ikitoka mkono mmoja, ikichujwa, ikirudi mkono wa pili. Midomo ikaanza kumwashawasha kama aliyekula nanasi bichi. Nesi akampa kalsiamu, ikatulia. Mwisho ulikuwa mfuko mmoja mdogo, rangi ya supu ya nyanya. Zinatakiwa angalau seli shina milioni 2 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa, na wengi hupenda zifike milioni 5. Ndiyo sababu uzito uliandikwa kwenye karatasi ya ukoo. Zisipofika, hurudi mashineni kesho yake.

Makaratasi

Ulizeni nyumbani kwanza. Muhimbili ilianza kupandikiza 2021 kwa wagonjwa wa mayeloma, saratani nyingine ya uloto, wakitumia seli za mgonjwa mwenyewe, na hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma imekuwa ikiwapandikiza watoto wenye selimundu kwa uloto wa ndugu zao. Lukemia ni mzigo tofauti, lakini wataalamu hao wanajua pa kukuelekeza, na barua yao ya rufaa hufungua milango.

Kama ni India, ombeni makadirio ya maandishi kutoka hospitali mbili au tatu, yaseme wazi kama ni ya ndugu kamili au ya nusu, yanahesabu siku ngapi za wodini, na dawa za maambukizi zikizidi nani analipa. Kodi ya chumba ihesabiwe ya miezi, kwani mgonjwa hutakiwa akae karibu na hospitali siku 100 hivi baada ya kupandikizwa. Ulizeni mchangiaji aombe viza ipi, ya matibabu au ya msindikizaji. Vyeti vya kuzaliwa vinavyoonyesha wazazi ni wale wale vitatakiwa. Visivyokuwepo vianze kushughulikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, au ZCSRA kwa wa Zanzibar, wiki ileile kijiti kinapotumwa, kwa maana cheti cha mtu mzima hakitoki kwa siku moja.

Na pasipoti ya mchangiaji iwe na miaka mbele yake. Baada ya kupandikizwa, seli zikisuasua au ugonjwa ukionyesha dalili za kurudi, madaktari wanaweza kumwita tena atoe seli nyeupe za nyongeza, na huita ghafla. Kitinda mimba wetu aliitwa mwezi wa saba. Pasipoti yake ilikuwa imebakiza wiki sita.